Mbiti wa Mulango Katika Hadithi za Kesho

Nyumbani kwetu, chini ya vilima vya Iveti, John Mbiti alijulikana kama mkusanyaji wa ngano kabla hajajulikana kama mwanafalsafa. Susu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na sababu ya kumpenda. Kijana huyo wa Mulango, Kitui, alikuwa amezichukua hadithi tulizosimuliwa jioni na kuzifanya kitabu, Akamba Stories, kilichochapishwa Uingereza mwaka 1966. Susu hakukisoma. Alitosheka kujua kwamba kipo.

Susu aliniita mume wake, kwa kuwa nilipewa jina la babu. Babu alifariki kabla sijazaliwa, lakini pale nyumbani alitajwa kama mtu aliyetoka kidogo kwenda shambani. Kabla ya kunywa uji, Susu alimwaga tone moja chini na kusema ni la mwenyewe. Mimi niliyaona hayo kuwa mambo ya kawaida, nisijue kwamba yameandikiwa falsafa.

Falsafa hiyo nilikutana nayo chuo kikuu, Nairobi. African Religions and Philosophy kilitoka mwaka 1969, Mbiti akiwa mwalimu Makerere. Humo anaugawa wakati sehemu mbili: Sasa, ambao watu wanauishi na kuukumbuka, na Zamani, ambako kila tukio hatimaye huenda kutua. Marehemu anayekumbukwa kwa jina bado yumo ndani ya Sasa; Mbiti alimwita mfu aliye hai. Anapoondoka mtu wa mwisho aliyemjua, pengine baada ya vizazi vinne au vitano, ndipo marehemu huyo anapovuka kuingia Zamani.

Ugomvi ulizuka juu ya kesho. Mbiti alichunguza nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, akahitimisha kwamba katika fikra za jadi wakati ujao ni mfupi mno, hauzidi miaka miwili. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa ushahidi wa lugha ya Kiakan. Hapa Kenya, Henry Odera Oruka alidai falsafa yenye hoja za mtu mmoja mmoja, si ya kabila zima kwa pamoja. Sisi tuliotoka Ukambani tulikuwa na jibu letu: Syokimau. Masimulizi yanasema kwamba nabii huyo aliona nyoka mrefu akitoka maji hadi maji, na wageni wenye moto mifukoni, muda mrefu kabla ya reli na kiberiti. Watu waliomsikiliza Syokimau, tulisema, hawawezi kuambiwa kwamba hawakuwa na kesho. Kwa miaka mingi nilimsoma Mbiti hivyo, kama mtu wa kujibiwa.

Mabadiliko nililetewa na riwaya ya Kimarekani niliyoichomoa kwenye meza ya vitabu vya mitumba karibu na steji mjini Machakos. Ni The Brief History of the Dead ya Kevin Brockmeier, ya mwaka 2006. Katika ukurasa wake wa mwanzo kuna maneno ya James Loewen, Mmarekani aliyeandika kuhusu ufundishaji wa historia, akieleza jinsi jamii nyingi za Afrika zinavyowatenga marehemu ambao bado kuna anayewakumbuka na wale waliokwisha kuwa zamani. Jina la Mbiti halikuwemo katika maneno yale, lakini nililitambua wazo kama mtu anavyotambua sauti ya jirani.

Juu ya wazo hilo Brockmeier amejenga mji mzima. Wafu wanaishi humo, wanafanya kazi, wanakula mikahawani, wanapendana. Kila mmoja anabaki madhali duniani kuna mtu hai anayemkumbuka. Asipokuwepo tena wa kumkumbuka, anatoweka. Duniani nako virusi vinaangamiza binadamu, na mji unafurika wageni kisha unaanza kupungua. Mwishowe anabaki hai mwanamke mmoja, Laura Byrd, aliyekwama kwenye barafu ya Antaktika. Mji wote wa wafu unasimama juu ya kumbukumbu zake: wazazi wake, rafiki zake, watu aliopishana nao barabarani.

Nilikisoma kitabu hicho nikimwona Susu na tone lake la uji. Mbiti, aliyelaumiwa kwamba amewanyima Waafrika kesho, ndiye aliyekuwa amempa mwandishi wa mbali njia ya kuwazia mwisho wa dunia. Nikarudi kwenye kurasa zake na swali jipya. Awali nilikuwa nikipima urefu wa kesho, miaka miwili au elfu moja. Sasa nikauliza kesho inabebwa na nani. Riwaya ile inajibu kwamba inabebwa na anayekumbuka, na ukimwondoa yeye, walio hai na waliokufa wanapotea pamoja.

Tangu hapo nimemfuata Mbiti katika hadithi za kubuni za kisayansi na fikra zinazoandamana nazo. Rasheedah Phillips, mwanasheria na mwandishi wa Philadelphia, amezitumia Sasa na Zamani kuonyesha kwamba watu weusi wana njia zao za kuuelewa wakati. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya mwaka 2009, haimtaji Mbiti, lakini mimi huitazama kwa macho yake. Ni miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya maji, na watu wanachuja jasho na mkojo wao ili wanywe. Sisi tuliokulia na mitungi ya maji mgongoni wakati wa kiangazi hatuhitaji kuelezwa. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo usio na sumu, anaotesha mbegu ya kale, kisha anatoka kwenda jangwani kuipanda. Uhai mpya unatoka katika kitu kilichohifadhiwa.

Mwaka 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa jiji la teknolojia la Konza, katika ekari 5,000 za ardhi ya Ukambani. Mwaka 2017 reli mpya kutoka Mombasa ilifunguliwa, na kituo chake cha Nairobi kiko Syokimau, mahali penye jina la nabii yule. Kesho imeshafika mlangoni kwetu. Vijana wa Machakos wanaoandika hadithi za roboti na vyombo vya angani wananiuliza wamsome nani, nami nawatajia riwaya ya Bin-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ambayo msafiri wake anapita katika kijiji cha dunia nzima akitafuta asili yake. Halafu nawatajia Mbiti.

Mbiti alifariki Uswisi mwezi Oktoba 2019, naye kwa hesabu yake mwenyewe bado yuko katika Sasa, kwa kuwa waliomjua wangali hai. Ningependa shule zetu zimfundishe pamoja na hadithi za kisayansi, si katika somo la dini peke yake, kwa sababu ametuachia kanuni ambayo mwandishi anaweza kuijengea ulimwengu. Anayetaka kuandika Ukambani wa mwaka 2100 aanze kwa kuwauliza wazee majina ya waliowatangulia na mambo waliyoyatenda, na aulize leo, kwa maana kila mzee anayezikwa bila kuulizwa anapunguza watu wa kuingia katika kesho hiyo.