Jengo la matofali la Sugar Land

Poleni kwa kimya changu. Kazi za zamu zimenibana, ila leo nimepumzika, chai iko mezani, nikasema ngoja niwaandikie.

Wengi mnaniuliza: huo mji wa sukari unaokaa, sukari mnagawiwa bure? Mama ndiyo kabisa, kila nikimpigia simu lazima anitanie. Jibu ni hapana, tunanunua dukani kama nyie. Ila jina la Sugar Land halikutoka hewani. Miwa ilianza kukamuliwa hapa tangu 1843, na kampuni ya Imperial Sugar, iliyoanzishwa 1907, ilisafisha sukari hapa mpaka kiwanda kilipofungwa 2003.

Bado lipo jengo la matofali mekundu, ghorofa nane, lililojengwa 1925. Linaitwa Char House. Liko kando ya barabara ya 90A na reli, nalipita kila nikienda kazini. Humo sukari ghafi iliyoyeyushwa ilichujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa unavuta rangi na uchafu, sukari inatoka nyeupe pe. Ile picha niliyowatumia nimevaa koti jeusi, nyuma yangu ndiyo jengo lenyewe.

Nilidhani nikishalijua hilo jengo nimeujua mji. Kumbe!

Mwezi wa pili 2018, mafundi waliokuwa wanajenga shule hapa mjini walikuta mifupa ya watu. Yalihesabiwa makaburi 95, na juu yake hakukuwa na jina hata moja. Wataalamu wakasema ni watu weusi, wafungwa, waliozikwa kati ya 1878 na 1911 hivi. Mmoja alikuwa mwanamke. Mdogo kuliko wote walimkadiria miaka 14.

Sikilizeni ilivyokuwa. Utumwa ulikomeshwa Texas 1865, lakini mashamba ya miwa bado yalitaka mikono. Mwaka 1878 serikali ya Texas ikawakodisha wafungwa wake wote kwa matajiri wawili, Cunningham na Ellis, wenye mashamba hapa. Wengi walikuwa weusi, na wapo waliofungwa kwa makosa madogo tu. Mtu anakodishwa kama plau! Walikata miwa kwenye matope, malaria ikiwamaliza. Mtumwa alikuwa na bei, akifa bwana wake anapata hasara. Mfungwa wa kukodi akifa, analetwa mwingine.

Kuna mzee mmoja, Reginald Moore, aliyewahi kuwa askari magereza. Miaka mingi aliwaambia wakubwa kwamba eneo lile lina makaburi, wachunguze kabla ya kujenga. Mwisho ardhi yenyewe ikamtolea ushahidi. Wale 95 walizikwa tena mwezi wa kumi na moja 2019, na yeye akafariki 2020.

Nilikwenda makaburini Jumapili moja. Nimesimama pale, aliyenijia kichwani ni babu yetu aliyeondoka Kigoma kabla ya Uhuru kwenda Tanga kuwa manamba kwenye mkonge. Yeye hakuwa mfungwa, alikwenda kwa mkataba, na siwezi kusema ni jambo lile lile. Lakini hakurudi, na kaburi lake hatulijui. Nyumbani tulizoea kusema "alipotelea Tanga", tunaendelea na chakula. Hata mimi nimesema hivyo mara nyingi.

Sasa naomba kitu. Baba mkubwa, najua wajukuu wanakusomea haya. Kama unakumbuka jina la lile shamba, au la mtu yeyote aliyeondoka naye, waambie waliandike kwenye karatasi leo, wasingoje kesho. Desemba Mungu akipenda nakuja, na safari hii kabla ya kupanda treni ya Kigoma nitapitia Tanga kwanza.

Nawapenda wote. Mama, sukari nitakuletea kilo moja, usicheke.