Siku Moja Berlin kwa Miguu



Ndugu wasomaji, wanafunzi wenzangu, na nyinyi wazazi ambao najua mnasomewa gazeti hili na watoto wenu jioni, nawasalimu kutoka mji wa Berlin, Ujerumani, nilipo kwa masomo. Ustadh alinitaka niandike habari za Ulaya. Nilikaa nikifikiri niandike nini, kwa sababu habari za treni na maghorofa mmekwisha kuziona kwenye simu zenu. Nimeonelea niwasimulie siku moja tu, Jumamosi ya mwezi wa Oktoba 2025, nilipotembea kwa miguu kutoka asubuhi hadi Magharibi nikitafuta nyayo za watu wa kwetu. Wengi tunadhani sisi ndio wa kwanza kufika huku. La hasha.

Nilianzia mtaa wa Brunnenstraße, nyumba namba 193. Baridi ilikuwepo, lakini aliyezoea kuamka alfajiri ya mwezi wa Juni pale Sumbawanga hawezi kuiogopa sana. Mbele ya nyumba hiyo, chini kabisa kwenye mawe ya njia ya waenda kwa miguu, kuna kibati cha shaba nyeupe kama cha dhahabu, upana wake hauzidi kiganja. Wajerumani huyaita haya mawe ya kujikwaa. Yamewekwa mbele ya nyumba za watu walioteswa au kuuawa na utawala wa Hitler, na mpaka mwaka 2023 yalikuwa yamefika 100,000 katika nchi mbalimbali za Ulaya. Hili la hapa lina jina la Mohamed Husen.

Huyu alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa Msudani, ofisa wa askari weusi katika jeshi la Wajerumani. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 mtoto huyu wa miaka kumi, yaani rika la watoto wa darasa la Juzuu Amma, aliingia jeshini pamoja na baba yake. Alijeruhiwa, akatekwa na Waingereza. Mwaka 1929 alifika Berlin, na mwaka uliofuata akadai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa tangu vita. Alijibiwa kwamba amechelewa. Basi akabaki hapa hapa, akawa mhudumu wa hoteli, akaigiza katika filamu, akafundisha Kiswahili Chuo Kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa, ikidaiwa amevunja miiko yao ya rangi kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na bila ya kufikishwa mahakamani akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya mji. Akafa huko tarehe 24 Novemba 1944, umri wake miaka 40.

Nilichuchumaa nikamwombea dua. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mbwa wake alisimama, akasubiri mpaka nilipomaliza, akaniuliza kama ni ndugu yangu. Nilimwambia ni mtu wa nchi yangu. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba yake babu yangu. Nyumbani kwetu huwa tunasikia kwamba alichukuliwa njia ya Kasanga kuwabebea Wajerumani mizigo wakati wa vita hiyo hiyo, na hakurudi. Hilo tu. Jina lake sikuwahi kuambiwa, naye babu amekwisha fariki. Mohamed Husen walau ana kibati.

Kutoka hapo ni mwendo wa nusu saa hivi kwa barabara ya Invalidenstraße mpaka jumba la makumbusho ya viumbe. Humo amesimama mjusi mkubwa wa kale, urefu wake kwenda juu mita 13.27, yaani ukiweka nyumba tatu za kawaida za kwetu moja juu ya nyingine ndipo utakaribia kichwa chake. Mjusi huyu ni wa Tendaguru, mkoa wa Lindi. Alichimbuliwa baina ya mwaka 1909 na 1913. Mifupa iliyotoka kule ilizidi tani 200, na yote ilibebwa na watu, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mimi niliangalia mjusi kidogo tu, macho yangu yakawa yanawatafuta wabebaji. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani, na jina lake limehifadhiwa. Wapagazi walikuwa mamia.

Nilivuka mto Spree nikafika Unter den Linden, barabara pana yenye miti katikati, ilipo Humboldt, ambayo zamani iliitwa Chuo Kikuu cha Berlin. Mwaka 1887 ilianzishwa hapo shule ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kikafundishwa. Miaka ya mwanzo ya 1890 alifundisha Amur bin Nasur wa Unguja, ambaye aliandika kwa Kiswahili habari za safari yake na za mji huu. Kwa hiyo kazi hii niliyopewa na Ustadh ilikwisha fanywa zaidi ya miaka 130 iliyopita! Baadaye, mwaka 1900, alikuja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa 1903, kwa sehemu kubwa kimetoka kalamuni mwake. Alioa Mjerumani, na mwaka 1905 walipotaka kurudi Afrika, serikali ya koloni ikawakatalia kushuka melini. Mtu anafika bandari ya nchi yake anaiona kwa macho, kisha anarudishwa. Alifia Berlin mwaka 1927.

Adhuhuri niliiswali pembeni mwa bustani kubwa ya Tiergarten, juu ya koti langu. Wadogo zangu, angalieni ramani: sisi Sumbawanga tunaelekea kaskazini, lakini mtu wa Berlin huelekea kusini mashariki.

Karibu na bustani hiyo kuna mtaa wa Wilhelmstraße. Katika mtaa huu, kwenye nyumba ya Bismarck, ulifanyika ule mkutano wa kuigawana Afrika mnaousoma katika somo la historia, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Nyumba yenyewe haipo tena. Kuna kibao cha maelezo, na nyuma yake maghorofa ya kawaida ambayo watu wameanika maua madirishani. Nilitegemea kuona jambo kubwa zaidi. Lakini kumbukeni kwamba Kasanga yetu ya Ziwa Tanganyika Wajerumani waliiita Bismarckburg, kwa jina la huyu huyu mwenye nyumba, ambaye hakukanyaga Ufipa hata siku moja. Na vita ya baba wa babu yangu ilimalizikia jirani yetu, Mbala, ambayo siku zile iliitwa Abercorn, Wajerumani waliposalimu amri tarehe 25 Novemba 1918. Kutoka Wilhelmstraße mpaka kwetu si mbali kama ramani inavyodai.

Majina huku nayo yanabadilishwa. Nilipita Anton-Wilhelm-Amo-Straße, mtaa uliopewa mwaka huo wa 2025 jina la mwanafalsafa wa karne ya 18 aliyetoka pande za Ghana ya leo. Kisha nikatembea sana kwenda kusini, miguu ikaanza kulalamika, hadi Lucy-Lameck-Straße. Ndiyo, ni Bi. Lucy Lameck wa Moshi, mwanamke wa kwanza kuwa naibu waziri nchini kwetu. Mpaka mwaka 2021 mtaa huo uliitwa kwa jina la Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya watu wa pwani, na ambaye chini yake Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889. Kwenye kona kuna duka la mboga la Mturuki. Nilinunua mkate na zeituni, nikala nikiwa nimesimama chini ya kibao cha jina.

Alasiri iliniingilia katika msikiti wa Şehitlik, ambao si mbali na hapo. Una minara miwili na kuba, na umezungukwa na makaburi ya Waislamu yaliyopo tangu 1866. Baada ya swala mzee mmoja wa Kituruki aliniletea chai katika kikombe kidogo cha kioo, akataka kujua natoka wapi. Nilimweleza siku yangu yote, hata habari ya yule aliyechukuliwa njia ya Kasanga. Akaniuliza jina lake ili tumwombee. Nikamjibu sina.

Usiku ule nilimpigia simu baba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema shangazi yake mkubwa yuko Matai bado, hasikii vizuri lakini nasaba anaijua yote, na kwamba atakwenda kumwuliza kabla mvua hazijaanza. Nimemwomba achukue daftari.