Ndege wa Msitu wa Ngangao

Msafiri atokaye Voi hupita Mwatate penye mashamba ya mkonge, kisha barabara hupanda kwa mizunguko mingi hadi Wundanyi, penye baridi na ukungu uletwao na pepo za Bahari ya Hindi. Juu zaidi uko msitu wa Ngangao, wa hekta zipatazo 120 tu, uliozungukwa na mashamba.

Ashikaye njia ya miguu msituni asiharakishe. Na asimame kimya, asikilize chini ya miti. Hapo ndipo ndege mmoja mwenye kichwa cheusi, tumbo jeupe na mdomo wa rangi ya chungwa hupekua majani makavu akitafuta wadudu. Wataalamu humwita Turdus helleri. Hapatikani po pote duniani ila katika milima hii ya Taita. Wengi wako Mbololo. Ngangao na Chawia wako wachache.

Ndege huyu hupenda kivuli kizito, wala si mwepesi wa kuvuka mahali peupe. Msitu ukikatwa vipande, ndege wa huku na wa kule huwa kama watu wa visiwa viwili wasio na mashua. Mikaratusi na misonobari iliyopandwa penye miti ya asili haimfai kama msitu wake.

Basi mkulima asidhani kwamba jambo hili ni la ndege peke yake. Vijito vinyweshavyo mashamba yake hutoka katika kivuli kile kile.