Kasenyi, Chini ya Theluji

Msafiri atokaye Kasese kuelekea Mbarara huvuka mstari wa ikweta penye nguzo zake za duara, na mbele kidogo hukuta njia ya vumbi ikichepuka mkono wa kushoto. Njia hiyo hupita katika nyanda za Hifadhi ya Queen Elizabeth, walimo makundi ya kobu, yule swala aliyetiwa katika nembo ya Uganda, pamoja na simba wawawindao. Karibu nayo lipo ziwa dogo la Bunyampaka, ambamo wenyeji huvuna chumvi. Mwisho wake ni Kasenyi, kijiji cha wavuvi ufukoni mwa Ziwa George. (Isichanganywe na Kasenyi ya Kongo, iliyo kando ya Ziwa Albert.)

Asubuhi iliyotakata baada ya mvua ya usiku, mvuvi avutaye mtumbwi wake nchi kavu huweza kuinua macho na kuiona theluji ya Rwenzori. Ziwa liko mita 914 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Margherita kiko mita 5,109. Aghalabu mawingu hurudi upesi, na mgeni asiyedamka mapema huondoka akidhani ameambiwa hadithi tu.

Mwaka 1906, Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alipokifikia kilele hicho, barafu ilikaa juu ya milima sita ya safu hiyo. Leo iliyosalia imejibanza hasa katika mlima wa Stanley, nayo haitimii kilomita moja ya mraba. Mtu angedhani kwamba barafu ikipungua hatari nayo hupungua. Sivyo. Barafu inayoyeyuka hupasuka, hufanya mianya, na kuyaacha mawe yaliyokuwa yameshikwa nayo yakining'inia. Njia iliyopitika miaka michache iliyopita yaweza leo kukatwa na ufa.

Apandaye huko hufungwa kamba pamoja na wenzake, huvaa viatuni vyuma vyenye meno, na hufuata kiongozi aijuaye njia. Lakini kamba haimwondolei mtu wajibu wake. Kichwa kikiuma sana, akatapika na kuanza kupepesuka, huo ni ugonjwa wa mwinuko, na dawa yake ya kwanza ni kuteremka. Ugonjwa huu haujali nguvu za mwili: askari mwenye kifua kipana huumwa sawasawa na karani. Na aliye hodari ndiye aghalabu afichaye maumivu kwa kuona haya, hata wenzake wakalazimika kumbeba.

Katika nchi za baridi, kama vile Kanada na Marekani, watu huendesha pikipiki za theluji milimani kwa kujiburudisha. Imeonekana huko kwamba wengi sana wa wale wanaofukiwa na maporomoko ya theluji waliyaanzisha wao wenyewe, au mwenzao mmoja, kwa kupita juu ya mteremko uliokuwa haujashikamana. Aliyefukiwa asipofukuliwa katika dakika 15 hivi, tumaini lake hupungua mno. Kwa hiyo kila mmoja hutakiwa kuchukua sepetu lake na chombo cha kutoa ishara, wala asimtegemee jirani.

Maporomoko ya Kasese ni ya udongo, mawe na maji. Februari 2012 moto uliteketeza mimea katika bonde la juu la mto Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ikaushusha mto huo pamoja na majabali, ukavunja nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukarudi tena, na hospitali ile ile ikapigwa. Septemba 2022, katika kijiji cha Kasika, Rukoki, mlima uliporomoka na kuwaua watu zaidi ya 10, wengi wao akina mama na watoto. Mvua haina mwenye kuizuia. Lakini kulima mteremko mkali pasipo matuta, kuukata mguu wa kilima ili kupata kiwanja, na kurudi kulala ukingoni mwa mto wiki moja baada ya gharika ni mambo yenye wenyewe. Ni kweli kwamba asiye na ardhi nyingine hana pa kwenda, na hapo wajibu huwa wa serikali pia.

Maji ya Nyamwamba na Mubuku huishia katika Ziwa George. Kina chake cha wastani ni mita mbili na nusu hivi, ndiyo maana vijana hulidharau na kuliacha jaketi la kuokolea maisha nyumbani, limetundikwa msumarini. Kina hicho chatosha kumfunika mtu mrefu kuliko wote kijijini, na viboko nao wamo. Huko Kasenyi mama wa nyumbani ndiye awezaye kulitoa msumarini jaketi hilo na kumkabidhi mumewe kabla hajaufikia mtumbwi.