Mdomo Ulipohamia Sikioni: Kibaha, Kisarawe na Sindano za Kichina

Ndugu msomaji, cheka kwanza, ukimaliza tuzungumze. Maana hata mke wangu alicheka kabla hajalia.

Ilikuwa Ijumaa alfajiri, nyumbani Maili Moja, Kibaha. Usiku wake nilikuwa nimetoka Morogoro kwa basi, dirisha wazi njia nzima. Naamka, nasukutua, maji yanamwagika upande mmoja kama ndoo iliyotoboka. Najitazama kwenye kioo, lahaula! Mdomo umevutwa kushoto, karibu unong'oneze sikio. Jicho la kulia liko kodo, halifumbi ng'o.

"Baba watoto, acha utani asubuhi yote hii," akasema mke wangu. Nikataka kumjibu, lakini P na B zilikuwa zimegoma.

Yeye akasema hospitali. Shangazi yangu wa Kisarawe, alipopigiwa simu, akasema hapana. "Huo upepo mbaya, mwanangu. Wakikuchoma sindano utapooza mwili mzima. Njoo huku." Sasa Mzaramo gani anambishia shangazi yake?

Jumamosi nikavaa miwani ya jua, nikapanda daladala hadi Mbezi, nikaunga nyingine ya Gongo la Mboto. Konda akanikazia macho: "Mzee, mbona unanicheka?" Nikamlipa nauli kimya kimya. Si mbali na Gongo la Mboto, kule Majohe, kuna makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofia nchini mwetu, wakiwemo wa reli ya TAZARA ya miaka ya 1970. Nilipita pale bila kujua kuwa Wachina nitakutana nao kwa njia nyingine kabisa.

Baada ya Pugu gari linaanza kupanda, joto la Dar unaliacha nyuma, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi inakupulizia ubaridi. Kisarawe ni pazuri jamani: mikorosho, minazi, mihogo, watu wa salamu ndefu. Shangazi aliitikia shikamoo yangu huku ameshaniwekea chungu cha majani jikoni. Nikafunikwa blanketi, nikafukizwa. Jasho lilinitoka hadi la utotoni.

Jumapili nikaamka jicho jekundu kama pilipili. Jicho lisilofumba hukauka, na mimi nilikuwa nimeliongezea moshi. Mnamo saa nne akapita jirani, nesi mstaafu, kutusalimu. Akanitazama mara moja tu.

"Imeanza lini?"

"Ijumaa alfajiri."

Akahesabu kwa vidole. "Dawa ya hospitali inataka ianze ndani ya saa 72. Zimekubakia hazifiki ishirini. Ondoka."

Shangazi alinyamaza kitambo. Kisha akachukua kanga yake, akanisindikiza mwenyewe hadi stendi. "Mie ningejua ugonjwa huu una saa, ningekukalisha chunguni?" Maneno yale yamenikaa hadi leo. Hakunitakia mabaya, hakuambiwa tu.

Jioni ile nikafika mbele ya daktari Kibaha. Akaniambia kunja paji la uso: kushoto likakunjika, kulia laini kama yai. Nyanyua mikono yote miwili, tembea, sema jina lako. Nikauliza kazi ya mazoezi hayo. Akasema anatafuta kiharusi. Kiharusi mara nyingi huacha paji la uso likikunja, tena huja na mkono au mguu kulegea, au maneno kuchanganyika. Hapo ni kukimbizwa hospitali saa ile ile. Wangu mimi ulikuwa ule unaoitwa kwa jina la Charles Bell, daktari wa Scotland aliyeueleza mshipa wa fahamu wa uso mwaka 1821. Mshipa huo hupita kwenye tundu jembamba la mfupa karibu na sikio. Ukivimba, hubanwa, na nusu ya uso inalala.

Akanipima sukari na Ukimwi, akachungulia sikio kama lina malengelenge. Ndipo nikapewa vidonge vya prednisoloni, matone ya jicho ya mchana, mafuta yake ya usiku, na plasta ya kulifunga nikilala. Akanionya kuwa vidonge hivyo hupandisha sukari, kwa hiyo si vya kujinunulia dukani. Utafiti wa Scotland wa 2007 ulionyesha kuwa baada ya miezi tisa, katika kila wagonjwa 100 waliomeza dawa hiyo mapema walipona kabisa 94. Wasioimeza walipona 82.

Nikamuuliza kuhusu sindano za Kichina. "Nenda ukitaka," akasema, "ila usiache vidonge."

Madaktari wa China si wageni kwetu: Zanzibar walifika 1964, bara 1968. Nami nikaenda kliniki moja Dar es Salaam. Mama wa Kichina akafungua sindano mpya kwenye pakiti, nyembamba kama unywele. Moja nyuma ya sikio, moja pembeni ya mdomo, nyingine kati ya kidole gumba na cha shahada. Haiumi, inavuta kwa mbali. Nikamwomba mkalimani amuulize ugonjwa huu chanzo chake nini. Jibu likaja: "Anasema ni upepo."

Nusura nidondoke kitandani! Shangazi wa Kisarawe na mabingwa wa kale wa China, kauli moja!

Kuna pia unga wao wa karne nyingi, uitwao Qianzheng San, ndani yake mna nge na mzizi wenye sumu ukiwa mbichi. Huo niliukataa kwa adabu. Na tusidanganyane kuhusu sindano. Utafiti wa China wa 2013, wagonjwa 338, ulikuta waliochomwa hadi wakahisi ule mvuto walipona vizuri zaidi ya waliochomwa bila sindano kuchezeshwa. Lakini wote walikuwa wakimeza vidonge. Huo ndio mseto, ndugu yangu: cha hospitali kwanza, sindano baadaye, kimoja kisimfukuze mwenzake.

Wiki ya tatu jicho likafumba. Mwezi wa pili mdomo ukarudi kwao. Nimeponywa na vidonge, sindano, au siku tu? Siwezi kuapa, maana wengi hupona wenyewe. Ninachojua ni kuwa jicho langu karibu lingeniponyoka nikiwa chini ya blanketi.

Nilirudi Kisarawe na kilo mbili za sukari na doti ya kanga. Shangazi akanishika mashavu, akayageuza huku na huku.

"Si nilikwambia upepo?"

Nikacheka, safari hii kwa pande zote mbili.