Kupima Kesho ya Kijana

Nyota njema huonekana asubuhi, walisema wazee, na methali hii haikosi ukweli. Lakini asubuhi hiyo hiyo umande nao hung'aa juu ya majani, na jua lipandapo hutoweka. Mtu ambaye kazi yake ni kutazama watoto na kutaja ni yupi atakayekuwa mashuhuri hana budi kuishi kati ya nyota na umande, na kila siku aulizwe tofauti yao. Katika Ulaya kazi hii imekuwa ufundi wenye mishahara, madaftari, saa na hesabu. Waifanyao ni wateuzi wa vipaji. Wazazi huwangoja kwa matumaini na kuwaogopa kwa siri, maana bidhaa wanayoipima ni kesho ya mtu mwingine, na mtu huyo bado hajajua kufunga vema kamba za viatu vyake.

Na atazamwe mteuzi mmoja wa namna hiyo akiwa kazini. Ni Jumamosi ya baridi, kando ya kiwanja chenye matope katika mji wa viwanda wa Uingereza. Klabu kubwa za nchi ile huandikisha wavulana tangu kikosi cha walio chini ya miaka 9, na wanaocheza mbele yake ni wa umri huo. Mmoja ni mrefu, ana kifua na mbio. Akiupata mpira wenzake humwachia njia kama kuku waiachiavyo baiskeli. Mwingine ni mdogo. Akisukumwa huanguka, akiinuka hutazama huku na huku kabla mpira haujamfikia, kisha huupeleka mahali pasipo na mtu, na mara mwenzake akawapo pale pale. Mteuzi humtabasamia yule mdogo, lakini kalamu yake huandika jina la yule mkubwa. Hakudanganya, ameandika alichokiona. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba aliulizwa habari ya miaka 12 ijayo akajibu habari ya asubuhi ile.

Sehemu ya kwanza ya kosa hilo imo katika kalenda. Mwaka 1985 wataalamu wa Kanada walionyesha kwamba wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni waliofika juu walikuwa wamezaliwa kwa wingi wa ajabu katika miezi ya mwanzo wa mwaka. Baadaye jambo lilo hilo lilionekana katika mpira wa miguu wa Ulaya, nchi baada ya nchi. Sababu yake haimo katika falaki. Watoto hupangwa kwa mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka una mlango wake. Kwa Waingereza mlango huo ni tarehe 1 Septemba. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo, na mwingine aliyezaliwa mwishoni mwa Agosti ifuatayo, huhesabiwa kuwa rika moja, ingawa wametengwa na karibu mwaka mzima. Kwa mtu wa miaka 40 mwaka mmoja si kitu. Kwa mtoto wa miaka 8 ni sehemu moja katika nane ya maisha yake yote.

Ubelgiji ilitoa ushahidi ulio wazi kuliko hoja. Mwaka 1997 nchi hiyo iliuhamisha mlango wa mwaka wa mpira kutoka tarehe 1 Agosti hadi tarehe 1 Januari. Kabla ya hapo, waliozaliwa Agosti na miezi iliyofuata ndio waliojaa katika vikosi vya vijana wateule. Baada ya hapo, waliozaliwa Januari na miezi iliyofuata wakashika nafasi zao. Mungu hakubadili mwezi wa kugawa vipaji. Makarani walibadili tarehe. Kumbe jicho lililojisifu kuwa limeona kipawa mara nyingi lilikuwa limeona siku ya kuzaliwa.

Sehemu ya pili ya kosa imo katika mwili wenyewe. Wavulana wawili wa miaka 13, waliozaliwa siku moja, huweza kupishana miaka kadhaa kwa ukomavu. Mmoja ana sauti nzito na mapaja ya mtu mzima; mwingine bado ni mtoto. Mashindano ya umri huo huonyesha aghalabu nani ametangulia kubaleghe, wala si nani amejaliwa zaidi. Hata aliyetangulia hupata hasara yake. Akizoea kushinda kwa nguvu hajifunzi ufundi, na siku wenzake wakimfikia kwa kimo hujikuta amebaki na silaha moja, nayo imekuwa butu.

Kwa wasichana mambo huweza kugeuka kinyume. Katika mazoezi ya viungo mwili mdogo ulithaminiwa sana. Nadia Comăneci wa Rumania alipata alama kamili ya 10 katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 14. Na tangu mwaka 1997 sheria ya mchezo huo imetaka wasichana watimize miaka 16 ndipo washindane na wakubwa. Binti aliyesifiwa kwa wepesi wake akiwa na miaka 12 huenda akaulizwa mwili wake umeharibika nini akiwa na miaka 15, hali haukuharibika lolote ila umekua. Ni huzuni kubwa mtoto kuona haya kwa sababu ya kufanya lile ambalo kila mtoto huombewa alifanye.

Wenye busara wamejaribu dawa. Katika Uingereza vijana wa klabu mara nyingine huchezeshwa kwa kipimo cha ukomavu badala ya umri. Hukadiriwa kimo atakachofikia mtoto kwa kutazama kimo chake, uzito wake na vimo vya wazazi wake, kwa kanuni ya Khamis na Roche ya mwaka 1994. Kisha huwekwa pamoja na wale waliofikia hatua ile ile ya safari. Ubelgiji nayo iliunda vikosi vya taifa vya vijana wanaochelewa kukua, ili wasipotee kabla miili yao haijaleta salamu zake.

Kwamba wengi wangepotea si jambo la kubuni. Luka Modrić, aliyezaliwa mwaka 1985 katika nchi ambayo sasa ni Kroatia, alikulia katika hoteli za wakimbizi wakati wa vita, na klabu moja kubwa ya pwani yao ilimkataa kwa udogo wa mwili. Antoine Griezmann, mzaliwa wa Mâcon katika Ufaransa, alijaribiwa katika shule za mpira za nchi yake, na kimo chake kikatiliwa shaka mara baada ya mara, hata akiwa na miaka 14 akavuka mpaka kwenda kulelewa San Sebastián katika Hispania. Mwaka 2018 fainali ya Kombe la Dunia ilichezwa Moscow. Modrić aliiongoza Kroatia. Griezmann aliifungia Ufaransa penalti, na Ufaransa ikashinda kwa mabao 4 kwa 2. Wadogo wawili waliokataliwa walikutana siku hiyo kama nguzo za mataifa yao. Jamie Vardy wa Uingereza aliachwa na klabu yake akiwa na miaka 16, akafanya kazi kiwandani na kucheza katika ligi za chini. Mwaka 2016, akiwa na miaka 29, alikuwa bingwa wa ligi kuu ya nchi yake pamoja na Leicester City.

Haki yataka upande wa pili nao usikizwe. Jakob Ingebrigtsen wa Norwei alikimbia maili moja chini ya dakika 4 mwaka 2017, akiwa na miaka 16. Mwaka uliofuata, katika Berlin, alitwaa ubingwa wa Ulaya wa mita 1,500 na wa mita 5,000. Na mwaka 2021 katika Tokyo alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500. Hapa methali ilisema kweli tupu: nyota ilionekana asubuhi, na mchana ikazidi kung'aa. Mteuzi aliyetabiri hivyo ana haki ya kufurahi.

Lakini furaha yake yahitaji kuchunguzwa. Mtabiri hukumbuka mvua iliyonyesha baada ya kuitaja, na husahau mawingu aliyoyasifu yakapita makavu. Mwaka 2022 Arne Güllich wa Ujerumani na wenzake walikusanya tafiti nyingi juu ya wanamichezo wa juu kabisa duniani. Watu wazima waliofika kileleni, wakilinganishwa na wenzao wa daraja la chini yao, aghalabu walikuwa wamecheza michezo mingi utotoni, walichelewa kuanza mchezo wao mkuu, na mwanzoni maendeleo yao yalikuwa ya polepole. Waliong'ara wakiwa vijana walikuwa na historia iliyo kinyume: walianza mapema, wakashika mchezo mmoja, wakapanda upesi. Basi njia ifikayo haraka kwenye ushindi wa miaka 15 si lazima iwe njia ifikayo kwenye ushindi wa miaka 25. Anayehukumu kwa haraka ya hatua za mwanzo huweza kuwachagua wasafiri wa safari nyingine.

Tena hukumu hii ina hila kuliko utabiri wa mvua. Mvua haisikii maneno ya mtabiri, mtoto husikia. Yule aliyeandikwa daftarini hupewa mwalimu mwema, kiwanja chenye nyasi, tabibu, chakula na washindani wa kumnoa. Yule aliyeachwa hurudi kwenye kiwanja cha mtaa, na pengine harudi kabisa. Baada ya miaka 10 mteuzi huwalinganisha na kusema, "Sikukosea." Ni kama mkulima aliyemwagilia mche mmoja na kuuacha mwingine juani, kisha akausingizia ule uliokauka kuwa ulitoka katika mbegu mbovu. Hukumu imejizalia ushahidi wake yenyewe.

Hata hivyo, kosa la kutambua si ubaya mkubwa wa kazi hii. Ubaya mkubwa huanza mtoto anapotambuliwa sawasawa na kutumiwa vibaya. Ujerumani ya Mashariki, nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 17, iliwapima watoto shuleni kwa kimo na mbio na kuwapeleka wateule katika shule maalumu za michezo. Macho yake yalikuwa makali. Katika Olimpiki ya 1976 ilipata dhahabu 40, ikawa ya pili nyuma ya Umoja wa Kisovieti na mbele ya Marekani. Lakini wasichana wengi wa ushindi ule walikuwa wakipewa dawa za homoni za kiume huku wakiambiwa kuwa ni vitamini. Mwaka 2000, nchi hiyo ikiwa imekwisha kutoweka, mahakama ya Berlin ilimtia hatiani aliyekuwa mkuu wa michezo yake, pamoja na daktari mmoja, kwa kushiriki kuwadhuru wanamichezo wanawake. Wateuzi hawakukosea juu ya watoto wale. Walikosewa watoto. Kwa hiyo usahihi wa hukumu haujawa bado haki ya hukumu, na medali haiwezi kumtolea ushahidi aliyeipata kwa njia hiyo.

Norwei, yenye watu milioni 5 na ushei, ilichagua njia nyingine. Mwaka 1987 wenye michezo wa nchi hiyo walipitisha kanuni za kuwalinda watoto. Kwa miaka mingi kanuni hizo ziliwakinga wadogo wasipangwe mapema katika orodha za washindi na washindwa, na zikazuia ubingwa wa taifa kwa walio chini ya miaka 13. Mtu angeweza kudhani kuwa taifa lisilopenda kuwapanga watoto wake litapitwa na mataifa mengine. Katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 Norwei ilipata medali 39, na mwaka 2022 ikapata dhahabu 16. Theluji na mali vina sehemu yao katika ushindi huo, na si haki kuusimamisha wote juu ya kanuni moja. Walakini kanuni ile imethibitisha jambo dogo lenye thamani kubwa: kungoja si kupoteza.

Basi mteuzi afanye nini? Kuwachukua wote hawezi. Nafasi ni chache na klabu si malezi ya yatima. Kukataa ni sehemu ya kazi yake, kama kukata ni sehemu ya kazi ya fundi nguo. Lakini fundi mwema hupima mara nyingi kabla ya kukata. Mteuzi mwema huuliza mwezi wa kuzaliwa kabla ya kusifu mbio, na huuliza kimo cha wazazi kabla ya kucheka udogo. Hutazama zaidi namna mtoto ajifunzavyo kuliko kile alichokwisha kujua. Na akatapo, hukata kwa neno "leo", si kwa neno "kamwe". Maana leo ameiona kwa macho yake, na kamwe hakupewa na mtu yeyote.

Mchezo ule wa Jumamosi umekwisha. Mvulana mkubwa anabebwa juu kwa vifijo. Yule mdogo anakung'uta matope magotini, na baba yake anamshikia koti. Mteuzi amekwisha kufunga daftari na kulitia mfukoni. Anapiga hatua chache kuelekea njiani, anasimama, kisha anarudi na kumwuliza mtoto alizaliwa mwezi gani. "Agosti," anajibu mtoto, hali akitetemeka kwa baridi. Mteuzi analitoa daftari, analifungua ukurasa ule ule, anaandika jina la pili chini ya la kwanza, na kando yake anaandika mwezi. Kisha anamwambia baba, "Mlete tena mwakani."