Damu ya kwetu, isomwe na watoto wetu



Mama mmoja kati yenu aliniuliza: «Wewe wa redio, binti yangu amepata diploma ya serikali. Anataka kusomea seli na kinga ya mwili. Nitafute minerval kwa masomo ya namna hiyo?»

Nilimjibu kwa habari ya Kikwit. Ebola iliua wengi pale mwaka 1995. Mmoja wa waliopona alitoa damu miaka 11 baadaye, na bado mwili wake ulimkumbuka adui. Profesa wetu Jean-Jacques Muyembe na watafiti wa ng'ambo walitoa humo dawa iitwayo mAb114. Ilijaribiwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, kisha Marekani ikaiidhinisha Desemba 2020.

Biolojia ya seli ndiyo ilionyesha chembe ipi inatunza kumbukumbu. Biolojia ya molekuli ilisoma maandishi ya urithi ndani yake. Imunolojia ilieleza namna kingamwili inavyoshika kirusi na kukizuia. Yote hayo huanzia mwaka wa kwanza wa chuo.

Muyembe mwenyewe alianzia Lovanium, Kinshasa. Lakini kazi kubwa ya maabara ilifanyika mbali, ingawa damu ilikuwa ya Mkongo. Hilo linaniuma.

Mama, kama unaweza, mwandikishe. Vita ilichukua nyumba yenu. Isichukue na masomo ya binti.